Dan-no-ura, 1185: kwa nini watu wa bahari walishindwa baharini

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu pambano la majini la Dan-no-ura la mwaka 1185, ambamo ukoo wa Minamoto uliuangamiza ukoo wa Taira. Swali lake lina sehemu mbili. Ikiwa Taira walikuwa watu wa bahari, na Minamoto walikuwa wapanda farasi waliotoka mashariki ya mbali, iliwezekanaje Taira washindwe wakiwa juu ya maji? Na je, ni kweli kwamba Minamoto no Yoshitsune alishinda kwa sababu mkondo wa maji uligeuka katikati ya mchana, na kwa sababu aliamuru wapiga makasia wa adui wapigwe mishale, jambo ambalo samurai walilihesabu kuwa haramu?

Nianze na msimamo wangu. Mkondo ulikuwa na uzito mdogo kuliko inavyodaiwa. Amri ya kuwaua wapiga makasia haimo katika masimulizi ya kale kwa namna inavyosimuliwa leo. Taira walishindwa baharini kwa sababu walikuwa wamekwisha kushindwa nchi kavu: walipofika Dan-no-ura hawakuwa na bandari ya kurudi, wala pwani ya kupata chakula na watu, na baadhi ya waliowabeba hawakuwa tena na sababu ya kufa pamoja nao.

Vita hivyo, vinavyojulikana kama vita vya Genpei, vilianza mwaka 1180, pale Mwanamfalme Mochihito alipotoa wito wa kuwapinga Taira, na Minamoto no Yoritomo, aliyekuwa akiishi uhamishoni Izu, akauitikia. Mkuu wa Taira, Kiyomori, alikuwa amemkalisha mjukuu wake Antoku kwenye kiti cha enzi akiwa mtoto mchanga. Kiyomori alifariki mwaka 1181, na mwaka 1183 jeshi la ukoo wake likavunjwa na Minamoto no Yoshinaka katika njia ya mlimani ya Kurikara. Ukoo ukaukimbia mji mkuu, Kyoto, ukielekea magharibi pamoja na Kaizari huyo mdogo na hazina tatu za ufalme, yaani kioo, upanga na johari. Mapema mwaka 1184 walipigwa tena Ichi-no-Tani, karibu na mahali ulipo mji wa Kobe wa leo, wakatoroka kwa vyombo hadi Yashima, katika kisiwa cha Shikoku, upande wa pili wa Bahari ya Ndani, ile iliyozungukwa na visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu.

Sifa yao ya ubaharia haikuwa ya bure. Tadamori, baba yake Kiyomori, alijipatia jina kwa kuwakomesha maharamia wa Bahari ya Ndani. Kiyomori mwenyewe alikuwa gavana wa jimbo la Aki, akalifadhili hekalu la Itsukushima lililojengwa juu ya maji, akaitengeneza bandari ya Owada ili vyombo vya wafanyabiashara kutoka China ya nasaba ya Song viweze kutia nanga karibu na mji mkuu. Hata hivyo, anayesoma sifa hizo anapaswa kujiuliza vyombo vilikuwa vya nani. Taira hawakuwa na jeshi la majini la ukoo lenye mabaharia wa kudumu. Walikuwa na urafiki, vyeo na mapato ya kuwagawia wenyeji wa pwani, yaani mabwana wadogo wa visiwa, wasimamizi wa bandari na watu ambao jana yake waliitwa maharamia. Wenyeji hao ndio waliomiliki vyombo, na ndio waliojua kila mwamba na kila mkondo. Walimtumikia yule aliyeweza kuwahakikishia ardhi na bandari zao; siku alipopoteza uwezo huo, mkataba ulikwisha.

Kwa hiyo vita vya majini vya mwaka 1185 vilikuwa kwanza vita vya pwani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa sehemu hii hurukwa na wasimulizi wengi wanaoharakia mishale na mapanga.

Yoritomo alimtuma ndugu yake Noriyori ashuke na jeshi la nchi kavu kupitia pwani ya kaskazini ya Bahari ya Ndani hadi kisiwa cha Kyushu. Noriyori hutajwa kwa dharau kama mtu mzito asiye na kipaji, nami naona hukumu hiyo si ya haki. Alipofika mwisho wa nchi, mkabala na Kyushu, hakuwa na chakula wala vyombo, na askari wake walitamani kurudi makwao. Hata Wada Yoshimori, mmoja wa makamanda wakubwa wa Kamakura, makao ya Yoritomo, aliwaza kuondoka kwa siri. Barua za Yoritomo za wakati huo, zilizohifadhiwa katika Azuma Kagami, kitabu rasmi cha historia cha serikali ya Kamakura, zimejaa maonyo: usiharakishe, usiwachukize watu wa Kyushu, hakikisha Kaizari na hazina zake wanapatikana salama. Mwanzoni mwa mwaka 1185 subira hiyo ilizaa matunda. Mabwana wa jimbo la Bungo, akiwamo Ogata Koreyoshi, walitoa vyombo 82, mtu mmoja wa Suo akatoa mchele, na Noriyori akavuka. Muda mfupi baadaye aliwashinda wafuasi wa Taira huko Ashiyaura, kaskazini mwa Kyushu. Tangu hapo Taira no Tomomori, aliyekuwa ameshikilia kisiwa cha Hikoshima kwenye mlango wa magharibi wa mlangobahari wa Dan-no-ura, hakuwa tena na nchi ya kukimbilia nyuma yake.

Pigo la pili lilikuwa Yashima. Yoshitsune, ndugu mdogo wa Yoritomo, alivuka usiku wa dhoruba akiwa na mashua 5 na wapanda farasi wapatao 150, akateremka pwani ya Awa, jimbo la Shikoku, kisha akawajia Taira kwa nyuma, kwa njia ya nchi kavu, huku akichoma nyumba ili ionekane kuwa jeshi kubwa linakuja. Taira walikuwa wameielekeza ngome yao baharini. Isitoshe, sehemu kubwa ya askari wao ilikuwa imepelekwa Iyo, jimbo jingine la kisiwa hicho, kupigana na Kono Michinobu, bwana wa huko aliyewapinga. Walikimbilia kwenye vyombo, na walipogundua kwamba adui alikuwa na watu wachache walikuwa wamekwisha kuipoteza Yashima, na pamoja nayo kisiwa kizima cha Shikoku.

Habari za Yashima zilipoenea, pwani ilihesabu upya. Heike Monogatari, simulizi kuu la vita hivi, linaeleza kwamba Tanzo, mkuu wa mahekalu ya Kumano, alipiganisha majogoo saba weupe na saba wekundu mbele ya miungu ili ajue aufuate upande upi, kwa kuwa bendera za Minamoto zilikuwa nyeupe na za Taira nyekundu. Majogoo wekundu wote walishindwa, naye akaja na vyombo 200. Nadhani Tanzo alikuwa amekwisha kuamua kabla majogoo hawajatolewa tunduni. Kono Michinobu akaongeza vyombo 150, na msimamizi wa vyombo wa jimbo la Suo akatoa makumi mengine. Ndivyo wapanda farasi wa mashariki walivyopata jeshi la majini kwa muda wa wiki chache tu: mabaharia waliowabeba walikuwa watu wa bahari ileile ambayo Taira waliitegemea.

Pambano lenyewe lilifanyika tarehe 25 Aprili 1185 katika mlangobahari unaokitenganisha kisiwa cha Honshu na Kyushu, mahali ulipo leo mji wa Shimonoseki. Sehemu nyembamba kabisa, Hayatomo, haifiki kilomita moja kutoka pwani hadi pwani. Idadi ya vyombo hutofautiana. Azuma Kagami linataja zaidi ya 840 vya Yoshitsune na zaidi ya 500 vya Taira. Heike Monogatari linasema zaidi ya 3,000 kwa 1,000, na hapo nasikia sauti ya msimulizi, si ya mhesabuji. Kuhusu mpango wa Taira, simulizi hilo lina jambo la maana: kikosi cha mbele kiliongozwa na Yamaga Hideto, mtu wa Kyushu, na cha pili kilikuwa cha kundi la Matsura, pia wa Kyushu; mabwana wa Taira wenyewe walikuwa katika kikosi cha tatu, kilicho kidogo kuliko vyote.

Katika saa za mwanzo Taira walipigana vizuri. Wapiga upinde wao walipangwa kwa safu, wakafyatua kwa pamoja, na Minamoto wakarudishwa nyuma. Wakati huo Wada Yoshimori, badala ya kupanda chombo, alisimama ufukweni juu ya farasi wake na kupiga mishale baharini, akijisifu kwamba inafika umbali wa zaidi ya mita 300. Masimulizi hulitaja tukio hili kwa ajili ya burudani, maana hatimaye Taira walimrudishia mshale wake kwa aibu. Kwangu lina maana nyingine: kamanda wa Minamoto alikuwa amekaa juu ya farasi, kwenye pwani ya mlangobahari, bila mtu wa kumwondoa. Chombo cha Taira ambacho kingesogea ufukweni kwa ajili ya maji, matengenezo au kujificha kingewakuta watu wa Wada wakikisubiri.

Sasa tuingie kwenye mkondo. Nadharia kwamba mkondo ulitiririka kuelekea mashariki asubuhi, ukawasaidia Taira, kisha ukageuka mchana na kuwasaidia Minamoto, si ya karne ya 12. Ilienezwa na mwanahistoria Kuroita Katsumi mwaka 1914, kwa kutumia vipimo vya kisasa vya mlangobahari huo. Ni nadharia ya kuvutia, lakini ina matatizo matatu.

La kwanza ni saa. Azuma Kagami linasema Taira walikuwa wamekwisha kushindwa ilipofika adhuhuri. Kujo Kanezane, mtu mkubwa wa ikulu aliyeandika kumbukumbu za kila siku akiwa Kyoto, aliandika kwamba mapigano yalianza adhuhuri na kuendelea hadi alasiri. Vyanzo viwili vinapotofautiana kwa nusu siku, hesabu ya dakika ambayo mkondo uligeuka haina pa kusimama.

La pili ni mwezi, na hili wasomaji wa pwani yetu watalielewa upesi kuliko maprofesa wengi. Kalenda ya Japani ya wakati huo ilihesabu siku za mwezi tangu kuandama kwake, na pambano lilikuwa siku ya 24 ya mwezi wa tatu. Mvuvi wa Pemba au Lamu akiambiwa siku ya 24 ya mwezi mwandamo, haulizi mara mbili: hayo ni maji mafu, yenye mkondo dhaifu, si bamvua, yenye mkondo mkali. Ushahidi wa nje upo pia, kwa kuwa tarehe 1 Mei 1185 jua lilipatwa, na kupatwa huko kuliandikwa katika vitabu vya kale vya historia vya Urusi. Jua hupatwa mwezi unapokuwa mpya, hivyo siku sita kabla yake mwezi ulikuwa umebaki chini ya nusu. Mlangobahari wa Shimonoseki una mikondo mikali ambayo siku za bamvua huyapa shida hata mameli ya leo, na hata siku za maji mafu Hayatomo si bwawa. Lakini kuipa siku ile mkondo wa bamvua ni kuibebesha nguvu isiyokuwa nayo.

La tatu ni la kibaharia tu. Mkondo huvichukua vyombo vya pande zote mbili kwa pamoja. Vyombo viwili vinavyoelea katika maji yaleyale husogea pamoja, na umbali kati yao haupungui kwa sababu ya mkondo peke yake. Mkondo huleta tofauti pale ambapo mmoja yuko katikati ya mlango na mwingine yuko pembeni. Hilo Heike Monogatari linalieleza vizuri: mwanzoni linasema mkondo ulivisukuma nyuma vyombo vya Minamoto na kuvileta mbele vya Taira, na kwamba Kajiwara Kagetoki, mmoja wa makamanda wa Yoritomo, alikaa karibu na ufuo ambako maji yalikuwa mapole, akavinasa kwa ndoano ndefu vyombo vya adui vilivyopita. Kuhusu mkondo kugeuka na kuwaokoa Minamoto, simulizi hilo halisemi neno. Msimulizi aliyekumbuka hata rangi ya deraya asingeuacha muujiza wa namna hiyo kama aliwahi kuusikia.

Anachosimulia badala yake ni usaliti. Taguchi Shigeyoshi, bwana mkubwa wa Awa, alikuwa mhimili wa Taira huko Shikoku. Mwanawe Noriyoshi, aliyekuwa akirudi kutoka Iyo baada ya Yashima kuanguka, alihadaiwa na watu wa Yoshitsune akajisalimisha. Asubuhi ya pambano, Tomomori, aliyewaongoza Taira vitani, alimwomba ndugu yake Munemori, mkuu wa ukoo, ruhusa ya kumkata kichwa Shigeyoshi kwa kuwa alimshuku. Munemori akakataa kwa kukosa ushahidi. Mapigano yalipopamba moto, Shigeyoshi alishusha bendera nyekundu, akahamia upande wa pili, na akafichua siri: Taira walikuwa wamewapakia askari wa kawaida katika vyombo vikubwa vya mtindo wa Kichina, huku mabwana wakijificha katika vyombo vidogo, ili Minamoto wavishambulie vile vikubwa na kuzingirwa. Baada ya hapo watu wa Shikoku na Kyushu waliwageuzia Taira mishale, mmoja baada ya mwingine.

Lazima niongeze hapa kwamba Azuma Kagami linamtaja Shigeyoshi katika orodha ya mateka waliokamatwa siku ile, jambo linaloleta shaka juu ya usaliti wake, au angalau juu ya namna ulivyopokelewa. Mimi naamini kiini cha habari hata kama mtu mmoja amebebeshwa lawama ya wengi. Mabwana wa pwani walioiona Shikoku imeanguka, na bendera nyeupe zikipepea pande zote mbili za mlangobahari, hawakuhitaji Shigeyoshi awafundishe hesabu.

Kuhusu wapiga makasia, maneno ya Heike Monogatari ni haya kwa maana yake: askari wa Minamoto walipokwisha kurukia vyombo vya Taira, mabaharia na washika usukani walipigwa mishale na kukatwa kwa mapanga, wakalala chini ya vyombo, hata vyombo havikuweza tena kuelekezwa. Tukio hilo linakuja baada ya watu kuhama upande, wakati safu za Taira zimekwisha kuvunjika. Halitajwi kama hila ya Yoshitsune, wala hakuna anayelaumiwa. Picha ya kamanda kijana anayetoa amri ya kuvunja mwiko ni ya waandishi wa nyakati zetu.

Na mwiko wenyewe? Mwaka 1185 hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya namna samurai anavyopaswa kupigana; maadili tunayoyasikia leo kwa jina la bushido yalipangwa karne nyingi baadaye, wakati wa amani. Watu wa Genpei walitangaza majina na nasaba zao kabla ya kupigana, ndiyo, kwa sababu sifa na zawadi zilitegemea kutambulikana. Lakini watu haohao walishambulia kambi usiku, kama Yoshitsune alivyofanya Mikusa mwaka 1184, na walichoma nyumba za wakulima ili wapate mwanga wa njia. Mpiga kasia hakuwa na deraya wala jina la kutangaza, na hakuna upande uliomhesabu. Aliyemuua hakupata sifa, ila hakukuwa na baraza la kumshtaki.

Mwisho wa siku ulikuwa wa ukoo mzima. Tomomori alikwenda katika chombo cha Kaizari, akawaambia wanawake kwamba mambo yamekwisha, na inasemekana alifagia na kusafisha chombo kwa mikono yake. Tokiko, mjane wa Kiyomori aliyekuwa amevaa utawa, alimkumbatia Antoku akazama naye. Ndivyo lisemavyo simulizi, ingawa Azuma Kagami linaeleza kwamba mtoto alibebwa na mwanamke mwingine wa ikulu, huku Tokiko akishika upanga. Antoku alikuwa na umri wa miaka 6 kwa hesabu yetu. Mama yake, Tokuko, alijitupa majini, akavutwa juu kwa ndoano iliyonasa nywele zake. Norimori na Tsunemori, ndugu za Kiyomori, walifunga nanga juu ya deraya zao wakaruka wameshikana mikono. Munemori peke yake alisitasita, watu wake wakamsukuma kwa aibu, naye, akiwa muogeleaji mzuri, akaelea pamoja na mwanawe hadi wakakamatwa. Wote wawili walikatwa vichwa miezi michache baadaye. Habari za kaa wa eneo hilo wenye migongo inayofanana na nyuso za samurai nawaachia wauza kadi za posta.

Kioo kilipatikana na johari ikaelea katika kasha lake, lakini upanga ulizama na haukuonekana tena, hata baada ya wapiga mbizi kutumwa kuutafuta. Yoritomo alikuwa ameagiza Kaizari na hazina zirudi salama; Yoshitsune alimletea ushindi bila mtoto na bila upanga. Mwezi uliofuata Kajiwara Kagetoki, ambaye wapenzi wa Yoshitsune wamemchukia kwa zaidi ya miaka 800, alimwandikia Yoritomo barua ya kumlalamikia kijana huyo. Ndani yake alisema kwamba Yoshitsune anadhani ushindi ni kazi yake mwenyewe, ilhali ulitokana na nguvu za wengi walioshirikiana. Kagetoki aliandika kwa chuki, na barua hiyo ilisaidia kumpeleka Yoshitsune kwenye kifo chake mwaka 1189. Lakini nikiwahesabu Noriyori na subira yake, mabwana wa Bungo na vyombo vyao 82, msimamizi wa Suo, Kono na watu wa Kumano, naona kwamba katika jambo hilo moja alisema kweli.